Barua kwa Mhariri: Fundi wa kushona naye aandikwe jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua huwa mnazifupisha ila hii naomba iende hata mkiigawa kwa matoleo mawili, maana ni jambo ambalo kwenye magazeti yetu ya Kiswahili sijalikuta likiandikwa. Mimi ni fundi cherehani, kazi nilijifunzia Morogoro barazani kwa fundi wangu, saa hizi naishi Louisville, Kentucky, huku Marekani, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kabla sijaingia kazini. Ninachotaka kuongelea ni maonyesho ya kwilti, na mwisho nina ombi.

Kwilti kwa asiyeifahamu ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyokatwa na kuunganishwa mpaka vikatoa mchoro, katikati inalazwa pamba, chini inakuja bitana, halafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja kwa mishono inayopita eneo lote ili pamba isihame, na pembeni kote unazungusha utepe wa kitambaa kufunga kingo. Basi, ndo hivyo. Ukimwelezea mtu namna hii anakujibu aa kumbe ni shuka la viraka tu, na simlaumu, maana maneno hayaifikishi ile kitu, mpaka usimame mbele yake uione ndo unaelewa kwa nini watu wanapanda ndege kwenda kuangalia blanketi.

Na kweli wanapanda ndege. Kuna mji mdogo hukuhuku Kentucky unaitwa Paducah, uko pale mto Tennessee unapoingia mto Ohio, wakazi wake hawafiki elfu 30, na kila mwaka mwezi wa nne mji mzima unajaa wageni waliokuja kuangalia kwilti, hoteli zinajaa mpaka wenyeji wanapangisha vyumba vya majumbani mwao. Maonyesho yale yalianza 1985, yanaendeshwa na chama kinaitwa American Quilter's Society ambacho mume na mke wa hapohapo, Bill na Meredith Schroeder, walikianzisha 1984. Mwaka 1991 likafunguliwa na jumba la makumbusho ambalo leo linaitwa National Quilt Museum, na 2013 UNESCO wakauingiza mji wa Paducah kwenye orodha yao ya miji ya ubunifu kwa upande wa kazi za mikono. Yaani mji umepata jina duniani kwa sindano na uzi. Houston kule Texas yako makubwa zaidi, yalianza 1974, yanafanyika kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano katikati ya jiji, na huko watu wanaokuja ni makumi ya maelfu. Lakini mi nitaongelea zaidi Paducah kwa sababu ndo naijua.

Sasa ukiingia ukumbini kwilti zimetundikwa wima kwenye mapazia meusi, mistari kwa mistari, na nafasi ya kupita katikati, na taa zimewekwa ili mwanga uzipige kwa ubavu kidogo, hapo ndo kila mshono unatoa kivuli chake na unaona tabaka zimepanda na kushuka. Ukiwa mbali unaona picha, labda maua, labda nyota yenye ncha nyingi, labda sura ya bibi kizee, ukisogea picha inapotea unaanza kuona vipande, ukisogea tena unaona mishono, ukiinama kabisa unaona fundi alipoanzia na alipoishia. Kila hatua ina utamu wake. Kwa mtu wa cherehani kama mimi ni raha isiyoelezeka, maana unajua kabisa kila kitu unachokiona kimegharimu nini. Unaona pembetatu ndogo labda 500 zimeunganishwa, na kila ncha ya pembetatu imekutana na mwenzake bila kukatwa na mshono, na wewe fundi unajua kabisa kwamba ukikosea nusu uzi tu kwenye kipande cha kwanza ukifika cha 20 umeshatoka nje ya mstari, kwa hiyo huyu mtu hakukosea nusu uzi mara 500 zote.

Kugusa hairuhusiwi, mafuta ya mikono yanaharibu kitambaa. Ila kuna watu wa kujitolea wamevaa glavu nyeupe wanazunguka ukumbini, ukitaka kuona nyuma unamwita, anashika pembe taratibu anakufunulia. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mafundi wote mnaonisoma mnajua kwamba mbele ya nguo unaweza kumdanganya mteja ila nyuma haidanganyi, nyuma ndo unaona mafundo, unaona uzi wa bobini ulipolegea, unaona pale alipofumua akarudia. Hawa watu nyuma yao ni safi kama mbele. Wengine nyuma ni kwilti nyingine kabisa, kitambaa cha rangi moja ambacho mishono peke yake imechora kitu kizima, manyoya ya ndege, majani, duara ndani ya duara, na kama asingekuja mtu wa glavu kukufunulia usingejua ipo.

Wale wanaoshona kwa mkono wanapigia bandi tabaka zote tatu kwa sindano fupi na kidole cha kati wamekivalisha subana, na kipimo wanachojivunia ni mishono 10 au 12 ndani ya inchi moja inayoonekana upande wa juu. Jaribuni nyumbani mwone, chukua kitambaa mara mbili tia pamba katikati halafu upige bandi 10 kwa inchi, zote zilingane, na nyuma nako zitokee zilingane. Sasa zidisha kwa kwilti ya kitanda kikubwa. Kuna mtu anaimaliza kwa miaka.

Majaji nao ni watu wa kazi. Jina la mshonaji hawaambiwi wakati wa kuhukumu. Wanatazama kwanza ile picha kwa ujumla, rangi zinaongeaje, halafu wanashuka kwenye ufundi, wanabana utepe wa pembeni kwa vidole kuona kama umejaa pamba mpaka mwisho au uko mtupu ndani, wanaangalia kona kama zimekunjwa kwa pembe safi na kufungwa, wanaangalia kama kwilti ikitundikwa inaning'inia imenyooka au inatikisa kingo kwa sababu utepe umekatwa vibaya na kuvutwa. Nimesikia maelezo yao nikakumbuka fundi wangu wa Morogoro aliyekuwa anachukua sketi yangu anaigeuza ndani nje kabla hata hajaangalia mbele. Zawadi kubwa pale Paducah imefika dola 20,000, na kwilti iliyoshinda huwa inabaki kwenye makumbusho.

Kulikuwa na ubishi mkubwa zamani kuhusu cherehani. Wengi waliamini kwilti ya heshima ni ya kupigwa mkono, cherehani ni ya kuunganisha vipande tu. Mwaka 1989 mama mmoja anaitwa Caryl Bryer Fallert, ambaye alikuwa mhudumu wa ndege, akachukua zawadi kubwa ya Paducah na kwilti aliyoishona tabaka zote kwa cherehani, inaitwa Corona II: Solar Eclipse, ni jua lililopatwa, katikati weusi na pembeni miale ya rangi inatoka inajipinda, na vitambaa vile alivipaka rangi mwenyewe ili ahame kutoka rangi moja kwenda nyingine bila kuona mahali pa kuvukia. Watu walilalamika. Mi nasema alistahili, na nasema hivyo nikiwa mtu wa cherehani, kwa sababu kuendesha kitambaa kizito cha tabaka tatu chini ya mguu wa cherehani, meno yameshushwa, mikono ndo inasukuma, na mstari unatoka umejipinda unavyotaka wewe, huo ni mkono vilevile. Leo wameshatengeneza vipengele tofauti, kuna zawadi ya kazi ya mkono, kuna ya cherehani ya nyumbani, kuna ya zile mashine kubwa ambazo kwilti inatandazwa kwenye fremu na mashine ndo inatembea, na kila mtu anashindana na wenzake. Hiyo naiona ni haki kabisa.

Kitu kimoja sikipendi, niseme tu. Miaka hii kuna kwilti zinajazwa mishono mpaka kitambaa kinakakamaa kama ubao, na juu wamebandika vito vinavyometameta, ukiangalia unavutiwa dakika moja halafu macho yanachoka hayana pa kupumzika. Ufundi upo mwingi lakini hakuna alichotaka kusema. Na palepale pembeni unakuta kwilti ya rangi mbili tu, nyeupe na bluu, watu wamesimama hawaondoki.

Hapo ndo nataka nifike kwenye ubunifu wenyewe, maana kwilti nyingi zinazosifiwa leo kwenye makumbusho makubwa hazikutoka kwa watu wenye hela za kununua kitambaa. Mnaijua Gee's Bend? Ni kijiji cha watu weusi Alabama, kimezungukwa na kona ya mto Alabama pande tatu, wajukuu wa watumwa waliobaki kulima pamba palepale walipokuwa mababu zao. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, baridi inaingia, kwa hiyo wanawake walishona kwilti kwa sababu watoto walikuwa wanasikia baridi. Vitambaa vilikuwa suruali za shambani zilizochakaa, magunia ya unga, mashati. Mwaka 1942 mama mmoja wa hapo, Missouri Pettway, alifiwa na mume, akachukua nguo za kazi za marehemu akazikata akazishona kwilti ajifunike nayo. Ipo mpaka leo. Ukiiangalia picha yake unaona yale mabaka ya bluu yamepauka pale magotini, unaona kivuli cha mfuko uliofumuliwa ambapo kitambaa hakikupigwa na jua, na ile mipangilio ya mabaka ya kijivu, bluu na weupe ukiambiwa ni mchoro wa msanii mkubwa wa New York unakubali bila kuuliza.

Wanawake wale 1966 waliunda ushirika wao wa Freedom Quilting Bee, kipindi kilekile cha harakati za kudai kura. 1972 wakapata tenda ya Sears, kampuni ya maduka makubwa, kushona foronya za korduroi, na yale mabaki ya korduroi yaliyobaki mezani wakabeba nyumbani wakatengenezea kwilti ambazo sasa ni maarufu kuliko foronya zenyewe. Mwaka 2002 kwilti za Gee's Bend zikaonyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, zikaenda makumbusho ya Whitney, New York, 2006 Posta ya Marekani ikazitolea stempu 10, na 2015 watatu kati yao, Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway, wakapewa tuzo ya taifa ya sanaa za jadi. Miaka ya karibuni kijiji kina tamasha lake lenyewe mwezi wa kumi, wanazitundika nje kwenye kamba, watu wanaenda kuzitazama palepale zilipozaliwa. Mafundi wenzangu, ona, tenda ya foronya na mabaki.

Kabla yao kuna Harriet Powers. Huyu alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alipeleka kwilti yake kwenye maonyesho ya pamba mji wa Athens, Georgia, picha za Biblia zimekatwa kwa kitambaa na kushonewa juu, Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ngazi ya Yakobo, watu na wanyama wamekatwa vivuli vya rangi moja moja hivi, vinachezacheza. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akaiona akataka kuinunua palepale, Harriet akakataa. Baada ya miaka michache hali ikawa ngumu nyumbani, akaja akasema naiuza dola 10, akapewa 5. Na inasemekana alirudi mara kadhaa kwenda kuiangalia tu. Sasa yule Jennie Smith alifanya jambo moja la maana sana, alimkalisha Harriet akamuuliza kipande hiki ni nini, na hiki ni nini, akaandika yote. Ndo maana leo kwilti ile iko makumbusho ya Smithsonian, Washington, na tunajua jina la aliyeishona na tunajua kila kipande kina maana gani. Ya pili iko makumbusho ya Boston, ina vipande 15, kimojawapo ni ule usiku wa Novemba 1833 nyota zilipodondoka kama mvua watu wakadhani dunia inaisha, Harriet alikuwa hajazaliwa lakini alisimuliwa na wakubwa akaishona. Kwilti mbili tu zimebaki za mikono yake. Ni wanawake wangapi walishona vitu vya namna hiyo na hakuna aliyewauliza? Na ile pamba iliyokuwa inachumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani ilikuwa inafumwa viwandani Massachusetts, inakuja Zanzibar kwa merikebu za Salem, ndo ile amerikani waliyovaa bibi zetu wa pwani na wa bara mpaka Ujiji. Nikisimama mbele ya kwilti ya zamani ya huku sioni kitu cha mbali na kwetu.

Kuna nyingine ya karibu zaidi. India, jimbo la Karnataka, wapo watu wanaitwa Siddi, asili yao ni Afrika, wengi mababu zao walichukuliwa kutoka pwani yetu hii ya mashariki wakapitishwa Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona kwilti inaitwa kawandi kutoka nguo chakavu za familia, na namna wanavyoanza ni tofauti kabisa na Wamarekani, wanatandika kitambaa cha chini wanaanzia kona moja wanaweka vipande wanapiga bandi wakizunguka kingo, wanazunguka wakiingia ndani mpaka wanakutana katikati. Kwenye kona nne wanashonea vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua, na kwilti isiyokuwa na maua hayo wao wanaiona iko uchi. Siddi wakristo wanaweza kuweka misalaba, waislamu hawaweki. Mwaka 2011 kwilti zao zilionyeshwa Harlem, New York, kwenye kituo cha utamaduni wa watu weusi cha Schomburg, zikawa ukumbi mmoja na watu weusi wa Marekani wanaziangalia. Mpaka leo nikiona picha za rangi zile, nyekundu kali pembeni ya kijani pembeni ya njano bila uoga, naona mkono wa watu wetu.

Na kwa sasa hivi yupo Bisa Butler, baba yake Mghana, yeye kazaliwa New Jersey, alikuwa mwalimu wa sanaa sekondari kwa miaka mingi. Huyu anachukua picha za kale za watu weusi, picha za rangi nyeusi na nyeupe, anazishona upya ukubwa wa mtu kamili, na anatumia vitenge. Vitenge jamani, hivihivi vya wax. Na uso wa mtu hauweki kahawia, anaujenga kwa zambarau, bluu, chungwa, pinki, anakata vipande vidogo vidogo anavipanga tabaka juu ya tabaka, na ukitazama unaona ngozi, unaona jasho, unaona jicho linakuangalia wewe. Taasisi ya sanaa ya Chicago ilimfanyia onyesho lake peke yake 2020, na Harriet Tubman aliyemshona, yule mama aliyewatorosha watumwa, yuko kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi pale Washington. Nilipoona kazi yake kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikawa nafikiria mabaki yote ya vitenge yanayofagiliwa kila jioni chini ya meza za mafundi Kariakoo, Mwenge, Morogoro sokoni.

Nisisahau moja ambayo haishindanii chochote. 1987 San Francisco watu waliofiwa na wapendwa wao kwa ukimwi walianza kushona, kila marehemu kipande cha futi 3 kwa 6, ukubwa wa kaburi, na jina lake juu. Mwezi wa kumi mwaka huohuo wakavitandaza kwenye uwanja mkubwa wa Washington, vilikuwa vipande 1,920. Sasa vimefika kama 50,000, uzito wake ni tani 54. Wengi walioshona hawakuwahi kushika sindano, mishono imekwenda upande, gundi inaonekana, kuna mtu kashonea tai ya marehemu, kuna mtu kashonea mwanasesere. Hakuna jaji wa kubana kingo pale na hapaswi kuwepo. Sisi tuliozika ndugu na wazazi miaka ile ya tisini tunajua ni majina mangapi hata kutamkwa msibani ilikuwa shida.

Sasa ombi langu, Mhariri. Kwenye yale maonyesho pembeni ya kila kwilti kuna kadi. Imeandikwa jina la kazi, jina la mshonaji, mji anaotoka, ameshona kwa mkono au cherehani, na kama vipande viliunganishwa na mmoja na tabaka zikashonwa na mwingine basi majina yote mawili yapo. Hakuna kwilti isiyo na mwenyewe. Halafu narudi kwenye magazeti yetu, likiwemo lako ambalo nalipenda, nakuta ushonaji unaandikwa kwenye ukurasa wa ujasiriamali peke yake, wanawake wa kikundi fulani wamepata mkopo wa cherehani, picha ya mgeni rasmi anakabidhi, mwisho wa habari. Mkopo ni jambo jema, sijapinga. Lakini mwanamuziki akitoa kitu kipya mnaandika sauti yake ikoje na kapiga na nani, mpira mnaandika mpaka pasi ya dakika ya 80 ilitoka mguu gani, mbona mama aliyeshona kofia ya mkono kwa miezi, matundu madogo yale yote kayazungushia uzi moja moja, hakuna anayemuuliza mchoro ule kautoa wapi? Kofia inavaliwa na mtu mkubwa inapigwa picha inatoka ukurasa wa mbele, aliyeishona hajulikani.

Na msiseme kwilti ni mambo ya wazungu kwa hiyo hatuna cha kuandika. Kanga yenyewe inasimuliwa kwamba ilianza kwa kuunganisha, wanawake wa pwani walinunua leso zikiwa bado jora, wakakata wakaunganisha tatu juu tatu chini wakapata nguo moja pana. Kuunganisha vipande ni kwetu. Nani asiyelalia mto wa mabaki kwa bibi, au hajaona pazia la vipande, zulia la mlangoni la matambaa, mkoba wa vitenge vitano. Mafundi wa kiume wa vitenge wanapanga maua ya mgongo na ya mkono yakutane kwenye mshono kama hayajakatwa, na mteja hajui kama kafanyiwa kazi ya kiwango cha Paducah, analipa anaondoka na anamwambia rafiki yake nimeshonesha kwa fundi mmoja hivi.

Kwa hiyo naomba, Sabasaba ikifika mpeleke mwandishi wa utamaduni, siyo wa biashara, kwenye mabanda ya ushonaji na udarizi. Amuulize fundi jina lake kamili na anapotoka. Amuulize nani alikata na nani alishona, alijifunza kwa nani, kitambaa kakipata wapi, kwa nini kaweka rangi hii pembeni ya hii, wapi palimsumbua akafumua. Aandike yote, hata nusu ukurasa kila wiki inatosha, na mpiga picha aombe kugeuza kazi apige na upande wa nyuma. Waandaaji wa mabanda nao waweke kadi, karatasi tu ya kawaida, jina na mji. Bei iwe chini ya jina.

Na mafundi wenzangu mtakaotaka kujaribu, msisubiri pamba ya dukani ya kwilti, blanketi jembamba kuukuu katikati linafaa sana. Kitenge kifue kwanza kabla ya kukata, kile cha bei nafuu kina wanga mwingi na kinarudi, na ile nyekundu pamoja na bluu iliyokolea zilowekeni peke yake mpaka maji yatoke meupe, zisije zikaharibu nyeupe ya jirani. Kateni mraba wa inchi 5, zote zilingane, pigeni pasi kila mshono kabla ya kwenda mwingine. Kingo zikiwa za mviringo utepe ukateni hanamu, kingo zikiwa zimenyooka hakuna haja. Tabaka zikishakaa pamoja zipigieni bandi kubwa kubwa kwanza zisihame, muanze kushona kutoka katikati mkienda pembeni, mkianzia pembeni pamba inajikusanya katikati inatoa uvimbe ambao hautoki tena. Na mkimaliza, geuzeni, kona ya chini nyuma, andikeni kwa uzi jina lenu na mwaka.

Mimi msomaji wenu,
Mama Fundi,
Louisville, Kentucky